Je, mrejesho hasi hufika ukiwa umechelewa? Kuhusu mhamo wa fezi na kuchelewa kwa muda katika amplifaya

Swali la msomaji: "Ninaunda amplifaya ya wati 100 kwa spika ya ohm 8, yenye transista za 2SC5200 na 2SA1943 mwishoni. Jozi ya transista za mwanzo hutumia mkondo wa miliampia 2 na rezista za emita za ohm 100, kapasita ya Miller (ile inayoshusha ukuzaji kadiri masafa yanavyopanda) ni pikofaradi 100, na ukuzaji wa jumla ni mara 20. Nimesoma kwamba mrejesho hasi, yaani kurudisha sehemu ya tokeo mwanzoni ili ilinganishwe na ingizo na kosa lipunguzwe, una kasoro ya asili: ishara huchukua muda kupita ndani ya amplifaya, hivyo inaporudi mwanzoni husahihisha kosa ambalo limekwisha kupita. Nilipoiweka saketi yangu kwenye programu ya kuigiza, niliona kwamba kwenye kilohezi 1 volteji inayotoka iko nyuma kwa nyuzi 90 ikilinganishwa na tofauti inayoingia kwenye jozi ya mwanzo. Nyuzi 90 za kilohezi 1 ni mikrosekunde 250. Je, amplifaya yangu inachelewa kiasi hicho? Na nikishusha kapasita ya Miller hadi pikofaradi 47, nitapunguza kuchelewa huko?"

Ndugu msomaji, nianze na la kwanza: hapana, amplifaya yako haichelewi mikrosekunde 250, na mrejesho wake hausubiri kosa lipite ndipo ulisahihishe. Hesabu uliyoifanya ni sahihi, kwa kuwa robo ya mzunguko wa kilohezi 1 ni mikrosekunde 250 kweli. Penye tatizo ni pale unapoichukua robo hiyo kuwa muda ambao ishara ilikuwa njiani. Mhamo wa fezi hueleza jinsi mawimbi mawili ya sini yanavyopishana baada ya kuendelea kwa muda mrefu bila kubadilika, na hausemi lolote kuhusu ni lini tokeo lilianza kuitikia badiliko la ingizo. Kuchelewa kwa muda ni kile kipindi ambacho ingizo limekwisha kubadilika na tokeo bado limetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Saketi inaweza kuwa na mhamo mkubwa wa fezi bila kuchelewa hata kidogo, na amplifaya yako inakaribia sana hali hiyo.

Jambo hili unaweza kulithibitisha mezani kwako kwa rezista moja na kapasita moja. Chukua rezista ya kiloohm 10, iunganishe na kapasita ya nanofaradi 100 inayokwenda kwenye ardhi, kisha pitisha wimbi la sini la kilohezi 1. Osiloskopu itakuonyesha kwamba wimbi kwenye kapasita limepungua hadi takriban asilimia 16 na kwamba vilele vyake viko nyuma kwa nyuzi 81 hivi, yaani mikrosekunde 225. Sasa usiguse saketi. Badilisha tu jenereta itoe wimbi la mraba la hezi 50, na upanue picha ili uone pale volteji inaporuka. Kama saketi hii ingekuwa inachelewesha ishara kwa mikrosekunde 225, ungeona mstari ulionyooka kwa muda huo wote, kisha mruko. Hutauona mstari huo. Volteji ya kapasita huanza kupanda papo hapo ingizo linaporuka, na inapofika mikrosekunde ya 225 tayari imekwisha kupanda asilimia 20 ya safari yake. Hakuna ishara iliyokuwa njiani ikisubiriwa. Kilichopo ni kapasita inayojaa polepole, na kujaa polepole si kuchelewa kuanza.

Twende sasa kwenye amplifaya yako, kwa kuwa humo nyuzi 90 zina maana ambayo ukiielewa hutaiogopa tena. Jozi ya transista za mwanzo hutoa mkondo unaolingana na tofauti kati ya ishara inayoingia na ile iliyorejeshwa. Nikichukulia kwamba kwenye kolekta umeweka transista mbili za kunakili mkondo, kama ilivyo kawaida, jozi hiyo hutoa takriban miliampia 8 kwa kila volti 1 ya tofauti. Mkondo huo ndio unaoijaza na kuitoa chaji kapasita ya Miller, na volteji ya kapasita hiyo ndiyo inayosukuma transista za mwisho. Mkondo wa kapasita haufuati ukubwa wa volteji yake, bali hufuata kasi ambayo volteji hiyo inabadilika.

Tazama wimbi la kilohezi 20 kwenye nguvu kamili, ambalo kilele chake kwenye spika ni volti 40. Linapovuka sifuri, volteji inabadilika kwa kasi ya volti 5 kwa mikrosekunde, na kapasita ya pikofaradi 100 inahitaji miliampia 0.5; kwa hiyo tofauti kwenye jozi ya mwanzo lazima iwe milivolti 63 hivi. Linapofika kileleni, volteji imetulia kwa kitambo, kapasita haihitaji mkondo, na tofauti ni sifuri. Basi tofauti huwa kubwa kabisa tokeo linapovuka sifuri, na huwa sifuri tokeo linapokuwa kileleni. Hizo ndizo nyuzi 90 ulizoziona, na utaziona vilevile kwenye kilohezi 1. Hazitokani na safari yoyote. Zinatokana na jozi ya mwanzo kutoa, katika kila nukta ya wakati, mkondo uleule ambao kapasita inauhitaji katika nukta ileile. Kama tofauti hiyo ingekuwa na fezi moja na tokeo, kapasita isingeweza kulifuata wimbi kabisa.

Wanaoendelea kubadilisha nyuzi kuwa muda wajiulize pia kuhusu kapasita ya kuingilia. Kapasita ya mikrofaradi 1 ikifuatwa na ukinzani wa kiloohm 10 hufanya tokeo litangulie ingizo kwa nyuzi 45 kwenye hezi 16. Kwa hesabu ya kugawanya nyuzi, ishara ingetoka milisekunde 8 hivi kabla ya kuingia. Hakuna saketi inayojua kitakachoingia kabla hakijaingia. Ikiwa hatukubali kwamba fezi inayotangulia ni utabiri, basi hatuna haki ya kudai kwamba fezi inayobaki nyuma ni kuchelewa, kwa sababu hesabu ni moja.

Kuchelewa kwa kweli kupo, na kuna mahali ambapo wengi wetu tumewahi kukusikia. Maikrofoni ya msikitini au kanisani ikisogea mbele ya spika, mfumo mzima hupiga yowe. Hapo sauti inasafiri hewani, na katika joto la nyuzi 30 mwendo wake ni takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo mita 3.5 kati ya spika na maikrofoni ni milisekunde 10 kamili ambazo maikrofoni haisikii chochote cha kile kilichotoka kwenye spika. Kuchelewa huku kuna alama zake. Kwanza, hakupunguzi masafa yoyote kuliko mengine. Kazi yake ni kusogeza tu. Pili, nyuzi zake huongezeka sawasawa na masafa bila kikomo: nyuzi 180 kwenye hezi 50, 360 kwenye hezi 100, 720 kwenye hezi 200. Matokeo yake ni kwamba kila baada ya hezi 100 kuna masafa ambayo sauti inarudi ikiwa katika fezi moja na ile iliyotoka, na yowe huchagua mojawapo ya masafa hayo, lile ambalo spika, maikrofoni na ukumbi vinalipendelea. Mwenye maikrofoni akisogea, muda unabadilika na yowe linabadilika sauti. Kapasita ya Miller haina tabia hata moja kati ya hizi. Fezi yake hufika nyuzi 90 na kukaa hapo, iwe ni hezi 500 au kilohezi 100, huku ukuzaji ukishuka kwa nusu kila masafa yanapoongezeka maradufu.

Tofauti hii ilikwisha kuelezwa kihesabu tangu zamani, na watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuijali. Harold Black wa Bell Labs, Marekani, alibuni amplifaya ya mrejesho hasi mwaka 1927 kwa ajili ya simu za masafa marefu, ambamo ishara ilipita katika amplifaya nyingi zilizofuatana na upotoshaji wa kila moja ulijumlishwa. Mwaka 1932 Harry Nyquist alionyesha ni lini kitanzi cha mrejesho, yaani njia nzima ya kupita ndani ya amplifaya na kurudi mwanzoni, kitatulia na ni lini kitatetema chenyewe, na mwaka 1940 Hendrik Bode alieleza uhusiano kati ya kushuka kwa ukuzaji na mhamo wa fezi. Kwa Bode tunajua kwamba katika saketi za kawaida za rezista na kapasita, ukuzaji unaoshuka kwa desibeli 20, yaani mara 10, kila masafa yanapoongezeka mara 10 huja na nyuzi 90. Vitu hivyo viwili ni sura mbili za jambo moja. Fezi ya namna hiyo inaweza kutenguliwa kwa saketi nyingine inayofanya kinyume chake. Kuchelewa kwa kweli huongeza fezi juu ya ile inayotarajiwa kutokana na ukuzaji, na hakuna saketi inayoweza kukutengua, kwa sababu ingelazimika kuujua wakati ujao. Ndiyo maana mhandisi anayebuni kitanzi huzihesabu fezi hizi mbili mbalimbali, na kuzichanganya ni kosa zito.

Unaweza hata kuutumia utulivu wa amplifaya yako kama kipimo. Kwa thamani ulizonipa, ukuzaji wa kitanzi hushuka hadi 1 kwenye kilohezi 630 hivi. Hapo kapasita ya Miller imekwisha kutumia nyuzi 90 kati ya 180 zinazoruhusiwa. Kama sehemu nyingine zote za kitanzi zingeongeza nyuzi 90 nyingine, amplifaya ingetetema yenyewe, transista za mwisho zingechemka, na ungeambulia moshi. Nyuzi 90 kwenye kilohezi 630 ni nanosekunde 397. Kwa hiyo amplifaya yako ikiwa imetulia, kuchelewa kote kwa kweli kulimo ndani ya kitanzi, kutoka beszi ya transista ya kwanza hadi kwenye spika na kurudi, ni chini ya nanosekunde 397. Mikrosekunde 250 zingekuwa zaidi ya mara 600 ya kikomo hicho. Kitanzi chenye kuchelewa kwa namna hiyo kisingeweza kutulia kwa ukuzaji huu.

Na safari ya umeme wenyewe ni fupi kuliko hapo. Kwenye bodi ya saketi umeme husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde 1, hivyo njia ya sentimita 20 huchukua nanosekunde 1.3 tu, ambazo kwenye kilohezi 630 ni theluthi moja ya uzi mmoja. Transista za 2SC5200 na 2SA1943, ambazo masafa yao ya mpito (pale transista inapoacha kukuza mkondo) ni kama megahezi 30, kwa makadirio ya kwanza huongeza uzi mmoja na kidogo; dereva zake, yaani transista ndogo zinazozisukuma, na kapasita za ndani huongeza zaidi. Linganisha na 2N3055 ambayo mafundi wetu wameizoea kwa miaka mingi: masafa yake ya mpito ya megahezi 2.5 yangeongeza nyuzi 14 mahali palepale. Hapo ndipo transista za kisasa zinapotusaidia kweli.

Sasa nirudi kwenye wasiwasi wako wa msingi, kwamba kosa huwa limepita. Tuseme transista za mwisho zinapobadilishana zamu zimeleta kosa la ghafla la volti 1 kwenye spika. Rezista za mrejesho hupeleka sehemu yake mwanzoni baada ya nanosekunde chache, jozi ya mwanzo hubadilisha mkondo wake, na volteji ya kapasita huanza kwenda upande wa pili. Kosa halisubiri zamu nyingine. Huanza kupungua mara moja, kwa kipimo cha nanosekunde 253, ambacho kinatokana na zile kilohezi 630: baada ya nanosekunde 253 limebaki asilimia 37, na baada ya mikrosekunde 1 limebaki chini ya asilimia 2. Mzunguko mmoja wa kilohezi 20, sauti nyembamba kuliko anayoweza kusikia mtu mzima wa kawaida, huchukua mikrosekunde 50. Ni kweli kwamba kosa lililo la haraka kuliko robo ya mikrosekunde halisahihishwi vizuri, lakini kosa hilo liko kwenye masafa ya redio wala si ya muziki. Nanosekunde 253 hizo ndizo pia amplifaya yako nzima, mrejesho ukiwa umefungwa, inavyobaki nyuma ya ishara katika masafa ya kusikika. Katika muda huo sauti hewani husafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kuna jambo la kweli lililochochea hofu hii, na si haki kulipuuza. Katika miaka ya 1970 Matti Otala wa Finland aliandika kuhusu upotoshaji unaotokea amplifaya inapopewa ishara ya ghafla, na amplifaya nyingi za transista za wakati ule zilikuwa nao kweli. Lakini chanzo chake ni mkondo kuisha. Jozi ya mwanzo haiwezi kutoa zaidi ya mkondo wake wote. Ishara ikidai kasi kubwa kuliko mkondo huo unavyoweza kuijaza kapasita, jozi hufika kikomo na mrejesho huacha kufanya kazi mpaka kapasita ifike inakotakiwa. Kwako, miliampia 2 kwa pikofaradi 100 ni volti 20 kwa mikrosekunde, na ishara yako kubwa kabisa inahitaji 5. Una akiba ya mara nne. Aliyebuni amplifaya yenye mkondo mdogo na kapasita kubwa alipata upotoshaji huo, kisha lawama ikaangukia mrejesho na kile kilichoitwa kuchelewa kwake.

Lugha ya kuchelewa inafaa mahali pengine. Katika amplifaya za daraja D, ambazo transista zake za mwisho huwashwa na kuzimwa kabisa kwa haraka, kilinganishi na dereva za geti huchukua makumi ya nanosekunde ambapo tokeo halibadiliki kabisa, na mbunifu lazima ayahesabu. Baadhi ya amplifaya hizo hutumia kuchelewa huko makusudi ili zitetemeke katika masafa yaliyochaguliwa. Ukiweka kichakataji cha kidijitali chenye milisekunde 1 ndani ya kitanzi, hutaweza kusahihisha chochote zaidi ya sauti za chini sana, kwa kuwa milisekunde 1 ni nyuzi 180 tayari kwenye hezi 500. Hata katika amplifaya yako, fezi ndogondogo za transista na dereva, zikijumlishwa, zinafanana na kuchelewa kiasi kwamba tunaruhusiwa kuzihesabu hivyo karibu na masafa ambapo ukuzaji wa kitanzi hufika 1. Tutaitumia njia hiyo kujibu swali lako la pili.

Ukishusha kapasita ya Miller hadi pikofaradi 47, hutapunguza kuchelewa, kwa sababu kapasita hiyo haicheleweshi. Utapandisha masafa ya ukuzaji wa 1 kutoka kilohezi 630 hadi megahezi 1.34. Mrejesho utakuwa na nguvu zaidi ya mara mbili katika masafa ya muziki, na hilo ni jema. Lakini tuseme akiba yako ya fezi, yaani nyuzi zilizobaki kabla ya kufika 180, sasa ni nyuzi 60, maana yake sehemu nyingine zinatumia nyuzi 30 kwenye kilohezi 630, sawa na kuchelewa kwa nanosekunde 132. Kwenye megahezi 1.34, nanosekunde hizohizo 132 ni nyuzi 64, na akiba yako inabaki nyuzi 26. Amplifaya ya namna hiyo haitaungua mezani, lakini ukiipa wimbi la mraba itapanda kupita kiasi na kutetema mara kadhaa kabla ya kutulia, na waya mrefu wa spika wenye kapasita nyingi unaweza kuiangusha.

Kwa hiyo acha pikofaradi 100 mahali pake kwanza, na upime. Katika programu ya kuigiza, fungua kitanzi na utazame fezi pale ukuzaji wake unapofika 1, wala usiitazame kwenye kilohezi 1, kwa kuwa nyuzi 90 za hapo hazikudhuru. Kisha, amplifaya ikiwa mezani na ohm 8 zimeunganishwa, ipe wimbi la mraba la kilohezi 10 kwa kiwango cha chini, volti moja au mbili kwenye spika, na uongeze kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na mzigo. Tokeo likitulia haraka baada ya kila mruko, shuka hadi pikofaradi 82, kisha 68, ukipima kila mara, na uishie pale unapoanza kuona mtetemo unaorudia zaidi ya mara moja. Chukua mrejesho kutoka mahali emita za transista za mwisho zinapokutana, kabla ya koili ya kutokea, kwa njia fupi kwenye bodi. Ukifanya hivyo bado ukataka kapasita ndogo zaidi, tafuta dereva za haraka zaidi kabla ya kuishusha.